Meli si Kondoo: Kutenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Sikioni

Kabla hujasoma zaidi, jipime. Andika kwenye karatasi “ship”, “sheep”, “live”, “leave”, “fifteen”, “fifty”, “price”, “prize”, “think”, “sink”, “collect”, “correct”, “staff” na “stuff”. Mpe mtu anayekimudu Kiingereza ayasome kwa kurukaruka, mdomo ameuziba kwa daftari ili usiisome midomo yake, nawe uandike unachosikia. Ukimaliza usihangaike na alama. Tazama ni jozi zipi zimekushinda, maana kila jozi ina sababu yake, na anayeshindwa na “ship” na “sheep” hapati nafuu kwa mazoezi ya “collect” na “correct”.

Nawaandikia watu wa Bukoba na Muleba: mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, dada wa mapokezi hotelini, karani wa chama cha msingi anayeandaa taarifa ya kahawa, mfanyabiashara anayevuka Mutukula kwenda Uganda, ambako karatasi za serikali ni za Kiingereza. Wengi wao wameshaambiwa kwamba wanachanganya maneno kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Mimi nashikilia kinyume chake. Anayezungumza Kihaya na Kiswahili ameshabeba sehemu kubwa ya anachohitaji. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwonyesha lugha ipi imsaidie wapi.

Anza na Kihaya. Lugha hii, kama jirani yake Kinyambo, hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu. Unapomwambia mtu jioni “Osiibire ota?”, ile “ii” unaivuta, na ukiikata, mwenye lugha anasikia kwamba kuna kilichopungua. Sikio hilo ndilo linalotakiwa kwa “ship” na “sheep”. “Sheep”, kondoo, livute kama unavyovuta irabu ya Kihaya: shiip, midomo ikitanuka kidogo kuelekea mashavuni. “Ship”, meli, likate upesi na uilegeze midomo. Isitoshe, hiyo “i” fupi ya Kiingereza si “i” kamili ya Kiswahili, imesogea kuelekea “e”. Kama huna uhakika, elemea upande wa “e”. Utaeleweka zaidi kuliko ukielemea upande wa “i”.

Mgeni akikuuliza habari za MV New Victoria inayotoka Mwanza, nawe ukamjibu kwamba kondoo amechelewa, ataelewa tu, kwa sababu anajua hakuna kondoo anayesubiriwa gatini. Mazingira yanakuokoa. Jozi za kuogopa ni zile ambazo mazingira hayaokoi. “I want to live here” maana yake nataka kuishi hapa; “I want to leave here” maana yake nataka kuondoka hapa. Sentensi zote mbili zimesimama, zote zina mantiki, na zinapingana. Ukimwambia mwajiri mojawapo, na yeye akasikia nyingine, mazungumzo yameharibika bila yeyote kujua. Kwa hiyo weka nguvu kwenye “live” na “leave” kabla ya “ship” na “sheep”. “Fill” na “feel”, “sit” na “seat”, “full” na “fool”, “pull” na “pool” hufuata njia hiyohiyo: moja fupi na legevu, jingine refu na lililokazwa.

Ukiwa na kamusi ya Oxford ya wanafunzi, ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, tazama alama za matamshi zinazofuata neno. Nukta mbili zilizokaa mfano wa koloni baada ya irabu zina maana ya “vuta”. Ni jambo lilelile ambalo Kihaya hulionyesha kwa kuandika irabu mara mbili. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na kamusi hiyo ilichapwa kwanza huko mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948. Tangu mwanzo ilitungwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, ndiyo maana nawasihi wazazi wanaotafuta kitabu kimoja cha kumnunulia mtoto waanze na hiyo.

Urefu wa irabu unatufikisha kwenye namba, na hapa naomba utulie, kwa sababu hapa kuna fedha. “Thirteen” na “thirty”, “fourteen” na “forty”, “fifteen” na “fifty”, mpaka “nineteen” na “ninety”. Mgeni anakuuliza nauli ya mtumbwi kwenda kisiwa cha Musira. Wewe unasema “fifty thousand”, yeye anasikia “fifteen thousand”. Mkirudi ufukweni, shilingi 35,000 zinagombaniwa, na kila mmoja anaamini mwenzake ni mwongo. Kanuni iko hivi: “teen” inavutwa na inafungwa kwa “n” inayosikika, “ty” ni fupi na haina kitu mbele yake. Vitabu vingine hukufundisha kutegemea mkazo, kwamba “fifteen” hukazwa mwishoni na “fifty” mwanzoni. Ni kweli neno likiwa peke yake. Likifuatwa na jingine, kama “thousand”, Waingereza wenyewe huurudisha mkazo mwanzoni, na hapo huo msaada unapotea. Shika urefu na shika “n”. Halafu, kwa kuwa ni fedha, usiuamini mdomo peke yake: sema “one five” au “five zero”, kisha mwonyeshe kiasi hicho kwenye kikokotoo cha simu. Hakuna aibu katika hilo. Marubani husoma namba tarakimu kwa tarakimu kwa sababu hiyohiyo.

Sikio la Kihaya linasaidia pia mahali pengine ambapo watu wengi hawapatarajii, mwishoni mwa neno. “Price” ni bei, “prize” ni zawadi ya mshindi, na sisi wote husema “praisi”. Weka vidole kooni: “z” inatetemesha, “s” haitetemeshi. Lakini msikilizaji wa Kiingereza hategemei sana huko kutetemeka. Anasikiliza irabu iliyotangulia. Kabla ya “s”, “t”, “k”, “p” na “f” irabu hukatwa. Kabla ya “z”, “d”, “g”, “b” na “v” huachwa irefuke. Kwa hiyo “prize” ni refu kuliko “price”, “bag” ni refu kuliko “back”, “save” ni refu kuliko “safe”. Jaribu kwa sauti sasa hivi, bila kuongeza “i” mwishoni. Karani anayesema bei ya kahawa imepanda hapaswi kusikika kama anayetangaza mshindi.

Sasa Kiswahili kipokee zamu. Kihaya hakina “th” wala “dh”, na ndiyo maana wazee wetu husema “zambi” wanapokusudia dhambi. Kiswahili kinazo zote mbili. Kama unatenganisha “thamani” na “samani”, basi “think” na “sink”, “worth” na “worse” haziwezi kukushinda: ulimi katikati ya meno kwa la kwanza, nyuma ya meno kwa la pili. Mwenye shamba anayelinadi kwa mgeni afanye mazoezi ya “worth” hasa, kwa kuwa “worse” maana yake ni baya zaidi.

Kwenye “l” na “r” nitakaa, maana ndiko malalamiko mengi yaliko. Kwetu herufi hizi hubadilishana bila mtu kupotea. Jina lilelile utaliona limeandikwa Lwakatare hapa na Rwakatare pale, na lugha yenyewe wengine huiita Oluhaya, wengine Oruhaya. Kiswahili ndicho kinachokulazimisha kuchagua: kula si kura, kalamu si karamu, mahali si mahari. Anayezitenganisha jozi hizo tatu kila siku bila kufikiri ameshamaliza nusu ya safari. Kama bado zinakusumbua, zishughulikie kwanza kabla ya kugusa Kiingereza, kwa sababu kwenye Kiswahili una watu wa kukusahihisha kuanzia nyumbani hadi sokoni.

Nusu iliyobaki ni ya ulimi. “L” ya Kiingereza hugusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. “R” ya Kiingereza haigusi popote. Hapa ndipo Waswahili wote hukosea, hata wa pwani, kwa kuwa “r” yetu hupiga kidogo kwenye ufizi, na sikio la Mwingereza huipokea kama “l” au hata “d”. Kunja ncha ya ulimi kidogo kuelekea nyuma, kusanya midomo kama anayetaka kusema “w”, kisha toa sauti bila kugusa. Anza na “right”, halafu “light”. “Road”, halafu “load”. “Grass”, halafu “glass”.

Umuhimu wake ni huu. Vijana wengi wa Kagera wamesoma Uganda. Mmoja anapiga simu chuoni kwake na kusema, “I want to correct my certificate.” Anakusudia kwenda kukichukua cheti. Aliyepokea simu anasikia kwamba cheti kina kosa, anaanza kumuuliza kosa liko kwenye jina au kwenye tarehe ya kuzaliwa. Na kama aliyepokea ni mzungumzaji wa Kiganda, basi kazi imeongezeka, kwa sababu katika Kiganda “r” huandikwa baada ya “e” na “i” tu, na kwingineko kote ni “l”. Pande zote mbili za simu hazina uhakika. Hapo usishindane na ulimi, badilisha neno. Kuchukua, sema “pick up”. Kosa, sema “mistake”. Nimeona hila hii ndogo ikiwasaidia watu kuliko mwezi mzima wa mazoezi ya matamshi.

Kwenye maandishi hila hiyo haipatikani kila mara, mara nyingi lazima uandike neno lenyewe. Tangazo la chumba likisema “Room for lent”, msomaji anaambiwa habari ya kukopesha, wakati mwenye nyumba anataka kodi. Pango ni “rent”. Kukopesha ni “lend”, na ukishakopesha ni “lent”. Kama unaogopa kuchanganya, andika “To let”, ambalo ni la kawaida kabisa kwa nyumba ya kupangisha.

Kuna kundi moja ambalo Kihaya na Kiswahili zote mbili hazitoshi, nalo ni la “a”. Kiswahili kina “a” moja. Kiingereza kina sauti nne ambazo sisi huzitia zote humo. “Hat” ni kofia, “hut” ni kibanda, “heart” ni moyo, “hurt” ni kuumia. Kihaya kinakusaidia kuzigawa mara mbili: “hat” na “hut” fupi, “heart” na “hurt” ndefu. Baada ya hapo ni mdomo. Kwa “hat” tanua midomo mpaka sauti iwe kati ya “a” na “e”. “Hut” ni “a” fupi ya kawaida. “Heart” ni “aa” ya mgonjwa anayemwonyesha daktari koo. “Hurt” ndiyo ngumu: taya zikaribiane, ulimi ulale katikati bila kugusa chochote, na sauti isiwe “a” wala “e”.

Sikushauri uteketeze miaka kwa hiyo ya mwisho. Kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam wasomi wetu hutamka “bird” na “bad” kwa namna inayokaribiana, na wataalamu wa lugha wameieleza kuwa ni sifa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Lengo letu si kusikika kama watu wa London. Lengo ni kutoeleweka vibaya. Kwa hiyo chagua jozi zenye madhara tu. “Staff” ni wafanyakazi na “stuff” ni vitu. Sema “staff members” na shaka imeisha. “Farm” ni shamba na “firm” ni kampuni, na kwa Kagera ukisema umefanya kazi kwenye “coffee farm” au “coffee firm” vyote vinaaminika. Kwenye usaili sema “company”. “Match”, “much” na “March” tayari Kiswahili kimekusaidia kwa mawili: mechi na Machi. Ukikumbuka kwamba waliotukopesha “mechi” walisikika wakisema “e”, utajua mdomo uelekee wapi kwenye “match”.

Lipo kundi lingine kabisa, ambalo hata Mwingereza mwenyewe hawezi kulitenganisha kwa sikio. “Meet” na “meat”, “know” na “no”, “weak” na “week”, “write” na “right”. Usijilaumu kwa kutosikia tofauti, kwa sababu haipo. Zamani ilikuwepo: “k” ya “know” ilitamkwa, na “meat” na “meet” zilikuwa na irabu mbalimbali. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi bado yanasafiri, na safari hiyo ya irabu iliendelea mpaka karibu mwaka 1700. Kwa hiyo herufi nyingi unazoziona bubu ni mabaki ya sauti za kale. Hapa kinachoamua ni maana, na chombo bora cha kuchuja maana ni Kiswahili chako.

Fanya hivi. Ukifika kwenye neno la mashaka, igeuze sentensi iwe ya Kiswahili na utazame ni neno lipi limejitokeza. Likitoka “yao”, andika “their”. Likitoka “pale” au “kuna”, andika “there”. Ikitoka “wao ni”, au “wana-” ya mtu anayetenda sasa, andika “they’re”. Mbili ni “two”. Pia au mno ni “too”. Yaliyobaki karibu yote ni “to”. “Kuliko” ni “than”, “kisha” ni “then”. “Kubali” ni “accept”, “isipokuwa” ni “except”. “Poteza” ni “lose”, “-legevu” ni “loose”. “Mkuu wa chuo”, kama wa Chuo cha Ualimu Katoke, ni “principal”. “Kanuni” ni “principle”. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni “affect” na “effect”, zinazowasumbua hata maprofesa: “kuathiri” ni “affect”, “athari” ni “effect”. Ukisema “Ukame umeathiri migomba”, huwezi kuteleza.

Na “advice” na “advise”: ushauri ni “advice”, kushauri ni “advise”. Barua pepe nyingi za ofisini huishia kwa “Please advice”. Unamwomba mtu ashauri, kwa hiyo ni “Please advise”. Tanzania tunafuata tahajia ya Uingereza, basi utaratibu huohuo wa “c” kwa nomino na “s” kwa kitenzi unatumika kwa “practice” na “practise”, “licence” na “license”.

Usitegemee simu ikusahihishie. Simu huweka mstari mwekundu chini ya neno ambalo halipo. “Stationary” lipo, nalo maana yake ni kilichosimama pasipo kusogea. Duka la daftari na kalamu ni “stationery”, kwa “e” kama ya “pen” na “envelope”. Fundi wa pikipiki naye aangalie bango lake: breki ni “brake”, mapumziko ni “break”. Kabla ya kumlipa mchora mabango, mwandikie neno kwa herufi kubwa kwenye karatasi, naye alinakili kutoka hapo. Usimwambie kwa mdomo tu.

Mwisho, maneno ya darasani na wodini. Mwanafunzi wa kemia anayesikia “alkane” na “alkene” aandike fomula pembeni papo hapo, C₂H₆ au C₂H₄, wakati mwalimu bado yuko ubaoni. Wa baiolojia atenganishe “ureter”, mrija unaotoka kwenye figo kwenda kibofu, na “urethra”, njia inayotoka kwenye kibofu kwenda nje. Mwanafunzi wa uuguzi pale Rubya au Ndolage ana jozi nzito kuliko hizi zote: “hypertension” na “hypotension”, “hyperglycaemia” na “hypoglycaemia”. Tofauti ni silabi moja katikati ya kelele za wodi, na matibabu yake yanapingana. Kwenye kupokezana zamu, jozi hizi zisitajwe peke yake. Taja presha imepanda au imeshuka, sukari iko juu au chini, na taja kipimo chenyewe, kwa mfano 180 kwa 110. Anayepokea arudie vyote viwili, neno na namba, na anayekabidhi asiondoke kitandani mpaka asikie vimerudi kama alivyovitoa.